Slaidi Imegoma Kuingia na Saa Sita Mnatakiwa Muwe Mmeondoka

(Wengi mliniomba niandike yale niliyoongea Jumamosi jioni pale kambini Ziwa Texoma, mpakani mwa Texas na Oklahoma. Nimeandika vile vile nilivyoongea, na makelele yake.)

Wazee wangu shikamooni. Kina mama habari za jioni, vijana mambo vipi, majirani zetu wa Kenya sasa, na ndugu wa Lubumbashi naona mmekaa karibu kabisa na jiko, jambo yenu. Nimepewa nafasi niongee kabla nyama haijaiva na mwenye jiko kaniambia hizo mbavu bado kama nusu saa, kwa hiyo ntaongea nusu saa, zikiwahi nikatisheni.

Kilichonisimamisha hapa ni simu. Kiangazi hiki peke yake nimepigiwa na watu wanne, wote Jumapili, wote kwenye saa tano asubuhi, na wote wanahema. Kaka, slaidi imegoma kuingia. Nikisikia tu mtu anahema Jumapili saa tano najua, hata salamu simsubirishi, namuuliza betri ina volti ngapi.

Kwa ambao hamna kempa, yaani hizi nyumba za magurudumu za kukokota na pikapu, mmekuja kula tu na mnakaribishwa, ngoja niwaeleze. Barabara za hapa Marekani upana wa gari unaishia inchi 102, yaani mita mbili na nusu na kitu kidogo. Sebule ya upana huo ukikaa na watoto wanne magoti yote yanagongana. Sasa hawa watu wa Indiana, kule Elkhart na vitongoji vyake ambako kempa nyingi za nchi hii ndiko zinakotengenezwa, wakaja na akili ya kabati, kwamba ukuta mzima na kochi lake na meza yake utoke nje kama droo, ukifika kambini unaivuta, ukiondoka unairudisha. Kampuni ya Newmar ndio walioileta kwenye magari-nyumba mwaka 1990, halafu ikaenea mpaka kwenye matrela yetu haya. Hiyo droo ndiyo slaidi. Na droo ikibaki nje hamwendi popote, maana kwanza utafagia magari ya watu barabarani.

Slaidi nyepesi nyepesi zinasukumwa na mota ya umeme na gia. Zile nzito, zenye friji na jiko juu yake, kwenye matrela makubwa ya miaka ya 2000 ambayo ndiyo tunayoyanunua sisi maana mapya bei yake unaijua, nyingi zinasukumwa na haidroliki, yaani nguvu ya oili yenye presha.

Mi haidroliki sikuijulia Marekani. Niliijulia Morogoro nikiwa utingo wa tipa la mchanga. Siku moja bodi limepanda juu tumeshamwaga mzigo halafu likagoma kushuka, basi mi na ujana wangu nikainama chini ya bodi nichungulie mpira wa oili unavuja wapi. Dereva alinivuta kwa kola ya shati mpaka vifungo viwili vikakatika. Akaniuliza, kwenu mmezaliwa wangapi? Nikamwambia watano. Akasema haya, endelea kuchungulia, watabaki wanne. Akaenda akatafuta gogo akaliegemeza kati ya bodi na chesisi, ndo akaniruhusu kuangalia. Yule mzee alinifundisha haidroliki yote ninayoijua siku ile, haya mengine ni majina ya vifaa tu.

Slaidi yako ni tipa lililolala ubavu. Kuna mota ya umeme inayotumia volti 12, inafanana na stata ya gari, inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, oili inaingia kwenye silinda, silinda inasukuma chumba. Ikiingia upande huu wa pistoni chumba kinatoka, ikiingia upande wa pili kinarudi. Chini ya sakafu kuna mikono miwili na shafti inayoiunganisha kwa gia ili pande zote mbili ziende sawa. Basi. Hakuna uchawi hapo.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana bila aibu yangu hamtanisikiliza.

Trela langu ni la mwaka 2005, nililinunua mkononi kwa mtu. Muuzaji alinionesha turubai la kivuli, akanionesha friji linavyowaka, mpaka taa ya kwenye ngazi alinionesha, pampu hakunionesha na mi sikuuliza. Mwezi wa tano tukaja hapa hapa Texoma, upande wa Denison, tukakaa siku tatu raha mustarehe. Jumapili tumekunja viti, watoto wamevaa viatu, nikabonyeza swichi ya slaidi. Tak. Nikabonyeza tena. Tak. Ni hiyo sauti tu, tak, kama mtu anagonga kijiko kwenye sahani huko ndani ya ukuta. Mama watoto akaniangalia. Hakusema kitu, na wenye ndoa mnajua akinyamaza ndo mbaya zaidi.

Nikajisemea basi mota imekufa. Nikaingia kwenye simu nikaona jamaa anazungusha pampu kwa drili, nikasema kumbe rahisi, na ndo nilipoanza kukosea, maana ile tak yenyewe ilikua inanipa jibu na mi sikuisikia. Tak ni solenoidi, ile swichi kubwa inayofungulia mota umeme. Solenoidi ikilia maana yake swichi inafanya kazi, waya mdogo unafanya kazi, kinachokosekana ni ule umeme mkubwa wa kuzungusha mota. Pampu hii inakula ampea kama stata inavyokula. Betri inaweza kuwasha taa zote za ndani ukaiona nzima kabisa halafu pampu ikiomba umeme inazirai.

Kwa hiyo kabla hujashika drili shika mita ya kupimia volti. Betri iliyojaa na imepumzika inasoma 12.6 hivi, ikisoma 12.0 hiyo imebaki robo. Halafu mwambie mtu abonyeze swichi ya slaidi huku wewe unaangalia mita, ikianguka mpaka 9 au 10 acha kusumbua mota, shida iko kwenye betri au kwenye vichwa vya betri. Ikibaki 12 na mota haizunguki, hapo sasa fuata waya mnene, angalia fyuzi kubwa au breka iliyo karibu na betri, angalia solenoidi, angalia waya wa negativu pale unapofungwa kwenye chesisi maana huo ndo unaliwa na kutu kimya kimya.

Na hili wengi hawaniamini. Mtu anasema lakini nimechomeka umeme wa kambi, betri inahusikaje? Inahusika. Umeme wa kambi unapita kwenye konvata ndo uje kua volti 12, na konvata za matrela ya zamani nyingi zinatoa ampea 45 au 55, pampu ikianza inataka zaidi ya hapo, hiyo ziada inatoka kwenye betri. Betri ikiwa maiti, nguzo ya umeme hata uikumbatie, slaidi haisogei. Vile vile ile plagi ya nyuma ya pikapu haitoshi, waya wake mwembamba. Unachofanya ni kusogeza pikapu, unawasha injini, unachukua waya za kubustia gari unabusti betri ya trela moja kwa moja. Kati ya wale wanne walionipigia, watatu walitoka hivyo, drili hawakuigusa.

Mi sikubusti. Pikapu ilikua hatua kumi kutoka nilipo, na waya za kubustia ziko chini ya siti. Nilienda kutafuta pampu.

Pampu yangu iko kwenye buti la mbele, lile la kupitiliza upande huu mpaka ule, lakini haionekani, imefichwa nyuma ya ubao uliovishwa zulia la kijivu. Ubao umefungwa skrubu sita. Nikaleta bisibisi ya nyota, haiingii. Bapa, inateleza. Kumbe kichwa cha skrubu kina tundu la mraba, na ukiangalia kempa yako vizuri utaona hizo skrubu zimejaa kila mahali, hii nchi kempa inashikiliwa na skrubu za mraba. Nyingi zinaingia bisibisi ya mraba namba 2. Nunueni leo, dola mbili tatu, mi ile Jumapili nilitoa skrubu nne kwa kisu cha jikoni na mbili nikazing'oa pamoja na ubao.

Nyuma ya ubao ndo nikaiona. Mota, pembeni tanki la plastiki lina oili nyekundu kama juisi ya rozela, na bloku ya chuma yenye mipira inayotoka na valvu zake. Ile oili nyekundu kwenye mifumo mingi ni ATF, ya gia boksi otomatiki, ila soma stika ya kwenu msije mkaweka oili ya breki mkaua sili zote. Na oili inapimwa slaidi zote zikiwa ndani na miguu ya kusimamishia trela imepanda. Kuna ndugu alipima slaidi ziko nje, akaona tanki nusu, akajaza mpaka juu kwa moyo safi, aliporudisha slaidi oili yote iliyokua kwenye silinda ikarudi tankini ikakuta hakuna nafasi. Buti lake mpaka leo linanuka gereji.

Mwisho wa mota kuna kifuniko kidogo au stika, ukiibandua unakuta ncha ya shafti. Hapo ndo drili inaingia, kwangu ni ncha ya pembe sita ya robo inchi. Kwenye mfumo kama wangu mota ikizunguka huku slaidi inatoka, ikizunguka kule inaingia, kwa hiyo upande wa drili ndo unaamua. Kuna mifumo mingine pampu inazunguka upande mmoja tu na valvu ndo zinaamua oili iende wapi. Na kuna mingine ya zamani ambayo drili haina kazi kabisa, unafungua valvu za kuachia halafu mnasukuma chumba kwa mabega kama gari lililokwama kwenye tope. Ya kwako ni ipi? Usinijibu mimi, kaangalie stika iliyobandikwa kwenye pampu au kitabu cha trela, maana ukifanya ya jirani kwenye mfumo wako unaweza kukesha.

Halafu valvu. Kama una slaidi tatu na miguu ya mbele na vyote vinakula pampu moja, oili ni mvivu, inakimbilia palipo wepesi. Wewe unahangaika na slaidi ya sebule, kumbe unashusha mguu. Kwa hiyo kila slaidi ina valvu yake, na kwenye bloku kuna sehemu ya kuifungua kwa mkono, kwangu nazungusha kwa ile funguo ya L. Ifungue ya slaidi unayoitaka, nyingine ziache zimefungwa. Na chukua maka pen uandike, sebule, chumbani, miguu. Usitegemee kichwa chako, ile siku kichwa hakitakuepo.

Basi bwana nikachomeka drili, nikabonyeza. Slaidi ilikua tayari imetoka yote, mi nikazungusha upande wa kuitoa. Oili haina pa kwenda. Drili ikasimama ghafla halafu yenyewe ikazunguka, na mkono wangu ukaenda nayo. Hiki kifundo mnachokiona nakichua chua mvua ikikaribia, ndo hicho. Drili shikeni mikono miwili, simameni vizuri, na msiikabe kidole mpaka mwisho, anza taratibu. Hata upande ukiwa sahihi, chumba kikifika mwisho presha inapanda na drili inapiga teke vile vile.

Nikabadili upande. Ikaanza kuingia. Ukiiona mara ya kwanza hutaamini, unazungusha drili inalia weee, chumba kinasogea upana wa kidole. Betri ya kwanza ya drili ikaisha chumba hakijafika robo. Ya pili ikaisha nusu. Saa sita kasorobo. Kuna mzee Mmarekani alikua pembeni, amekaa na kofia yake ya ukili muda wote anatuangalia, akanyanyuka bila neno, akaingia kwake, akarudi na drili ya waya na ekstensheni, akachomeka kwenye nguzo ya umeme, akanipa. Dakika chache tu ikaingia yote. Kwa hiyo muwe na drili ya waya. Za betri ni nzuri kwa kutundika picha.

Wakati unazungusha lazima mtu mwingine awe ndani na mwingine nje mnaonana au mnasikiana. Wa ndani anaangalia droo zilizojifungua, kiti kilichosahaulika, kiatu cha mtoto, paka. Wa nje anaangalia pande zote mbili ziende sawa, na kwenye paa la slaidi pasiwe na matawi na majani yanaburuzwa kuingia kwenye mpira wa kuzuia maji. Upande mmoja ukienda na mwingine ukabaki simama hapo hapo, ile shafti ya kuunganisha ina shida, ukilazimisha chumba kinakaa mshazari na hapo drili haitakusaidia, utaita fundi na utamlipa.

Na wale wa kusukuma kwa mabega, sukumeni kwenye pembe, pale palipo na fremu, katikati ya ukuta ni mbao nyembamba na povu tu. Na valvu iwe wazi, maana ikiwa imefungwa oili imejifungia ndani ya silinda, hapo hata mje ukoo mzima ni sawa na kusukuma mbuyu. Kuna kijana aliniambia alitaka kufunga mnyororo aivute na pikapu. Nilimwambia ngoja nije kwanza nipige picha.

Aibu ya pili sijamwambia mtu mpaka leo, mama watoto tu anajua. Nimemaliza, nimeshukuru, nimerudisha ubao, tukatoka kambini kwa heshima. Barabara ya 75, tunashuka kuelekea Dallas, tukasimama Sherman kuweka mafuta. Mwanangu wa mwisho anashuka anasema baba, nyumba inatoka. Nikamwambia ingia garini. Akarudia, baba nyumba inatoka. Nikazunguka nyuma ya trela, kati ya ukuta na slaidi vidole vyangu vinne vinaingia. Valvu sikuifunga. Nilipomaliza na drili nilisahau kuirudisha, kwa hiyo hakuna kinachoishikilia oili, na kila kona na kila breki chumba kinajivuta nje kidogo kidogo. Pale pale kwenye pampu za mafuta nikatoa ubao tena, na ile drili ya mzee nilishamrudishia, nimebaki na yangu yenye betri iliyochaji kwenye gari nusu saa. Watu nyuma wanapiga honi. Nikaingiza vile vidole vinne, nikafunga valvu, nikaibana mara mbili. Siku hizi kabla ya kurudisha ubao mama watoto anaweka mkono wake mwenyewe kwenye valvu ahakikishe, na ana haki.

Tulipofika nyumbani ndo nikatafuta ugonjwa. Kichwa cha negativu cha betri kilikua kimeota uchafu mweupe na kijani kama ukoko wa sufuria. Nikakisugua kwa brashi ya waya na maji ya moto, nikakaza nati, nikabonyeza swichi. Slaidi ikatoka na kurudi kama haijawahi kunijua. Kifundo cha mkono, ubao, aibu ya Sherman, yote ile ni kwa ajili ya nati moja.

Kabla hizo mbavu hazijatoka, naona mnaanza kugeuka geuka, kuna moja sitanii nayo. Ukiona oili nyekundu inadondoka usipapase mpira kwa mkono kutafuta tundu. Presha ya humo ni ya maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba, oili inayotoka kwenye katundu kadogo inapita kwenye ngozi kama sindano na kidonda chake kwa nje kinaonekana kama umechomwa na mwiba tu, huku ndani ya mkono kunaoza. Ni upasuaji, na ni siku hiyo hiyo. Tumia kipande cha boksi, kipitishe pembeni ya mpira, oili itaandika yenyewe kwenye boksi. Na chini ya slaidi iliyo nje hamna mtu kulala kivulini, hamna mtoto kucheza, wakati inasogea ndo kabisa. Mi sina kola za kutosha kumvuta kila mtu.

(Hapa wakaniuliza kama kila trela lina pampu sehemu moja. Hapana. Nimeona la buti la mbele, nimeona la chini ya kitanda, nimeona moja iko nyuma ya betri. Ndo maana nasema mkaitafute mkiwa nyumbani, mchana, mmeshiba.)

Haya. Trela langu lile pale la pili, lenye mstari wa kahawia. Slaidi iko nje, negativu ya betri nimeichomoa makusudi, ubao nimeshatoa na valvu nimeziandika. Drili ya waya iko juu ya meza. Shemeji, wewe uliyenipigia wiki iliyopita ukasema unaleta mnyororo, njoo, unaanza wewe. Dada mmoja aingie ndani aangalie droo, mmoja abaki nje upande wa nyuma. Mikono miwili, shemeji. Na kabla hujabonyeza niambie kwa sauti, unazungusha upande gani?